Msiba Usio na Watu

Siku ile mjinga alikuwa Longino Mapunda. Tulimalize hilo mapema ili tusisumbuane njiani. Baridi ilichangia, uchovu ulichangia mno, lakini ukiwapanga wajinga wa siku ile kwa foleni, yeye angesimama mbele, na kati yake na wa pili lori lingepita bila kumgusa mtu.

Karakana ya timu yake ilikuwa chumba cha pembeni katika jengo la mbao, kwenye chuo kilichojengwa katikati ya mashamba ya misonobari nje ya Mafinga. Huko ukungu huingia darasani bila hodi na kukaa kama mwanafunzi aliyelipa ada. Kesho yake yalikuwa maonyesho ya mwaka wa mwisho: kila timu ingeweka gemu yake mezani, wageni wangecheza, walimu wangetoa alama, na watu wa makampuni wangechagua vijana wa kuondoka nao. Timu ya Longino ilikuwa ya watu watatu, na wote watatu walikuwa wamechoka ule uchovu wa kumsikia mwenzako anatafuna na kuamini kwamba anakufanyia makusudi.

Hilali Mbaruku, kijana wa Pangani, ndiye aliyetengeneza sauti. Alikuwa amejilaza juu ya benchi, koti limemfunika uso, vilio vya waombolezaji vikivuja kwenye visikilizi vyake vya masikioni. Longino mwenyewe, Mngoni wa Songea, alijenga nyumba, miti, moto na moshi, na juma lililokwisha ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa timu. Vumilia Kihwele, binti wa Kihehe kutoka Kilolo, alitengeneza watu. Juu ya nguo zake alivaa fulana ndefu nyeusi iliyoshonewa vihisi vya kunasa mwendo toka shingoni hadi vifundoni, akajitwika mzigo wa kuni, akawa anatembea kutoka mlangoni hadi dirishani. Kila hatua aliyopiga, bibi kizee ndani ya kioo cha kompyuta alipiga hatua ileile.

Gemu iliitwa *Matangani*. Mchezaji anakabidhiwa nyumba iliyofiwa. Lazima apokee watu, aazime masufuria, awatenganishe wakwe waliogombana, na asiache moto uzimike. Hakuna anayeshinda. Ukijitahidi sana, marehemu anazikwa vizuri na watu wanarudi kwao wameshiba.

"Anatembea kama anakwenda sokoni," Vumilia akasema, akautua mzigo. "Tunarudia."

"Bibi wa watu keshabeba kuni za kuzikia ukoo mzima," Longino akamjibu. "Mwache akae."

"Wewe ukimwona bibi yako kachoka, unampa kiti au unampa mdomo?"

"Nampa Mhehe ambebe."

"Mhehe habebi tena. Tuliwabeba siku ile mlipotukimbia vitani, mkafika kwenu mkasema mmeshinda."

"Anzeni tu," Hilali akasema chini ya koti. "Chai mmesahau kunywa, utani hamjasahau."

Longino akapanda juu ya kiti. Wangoni na Wahehe ni watani tangu vita vya babu zao, na Mngoni akimtania Mhehe anataka kimo. Akanyoosha mkono kama babu zake walivyonyoosha mikuki, akataja jina kamili, kwa sababu utani wa nusu jina hauna ladha.

"Nasema hivi! Vumilia Kihwele hana kazi yoyote anayoifanya katika timu hii! Ni mtumwa wangu, babu yangu alimnunua babu yake kwa jogoo mmoja, tena kilema, na leo namfukuza! Arudi Kilolo!"

Vumilia alikuwa amekwisha fungua kinywa. Jibu lake lilikuwa njiani, tena zuri, maana alianza kutabasamu kabla halijafika. Halikufika.

"Neno limepokelewa," ikasema sauti kutoka darini.

Longino akatazama kidole chake. Pete ya mwenyekiti, kipete cha plastiki chenye shanga moja ya kijani, ilipaswa kuwa mkononi mwa Hilali tangu asubuhi, maana zamu ilikuwa imegeuka. Aliona uvivu kuivua. Vidole vilikuwa vimevimba kwa baridi. Shanga ilikuwa imegeuka nyekundu.

Ndani ya kioo, watu wakaanza kuondoka. Wapishi waliinuka jikoni wakafifia. Wachimba kaburi wakafifia na majembe yao. Wakwe waliogombana wakafifia kila mmoja upande wake, watoto wakafifia mchezoni. Wa mwisho alikuwa bibi wa kuni. Ukabaki ua mtupu, masufuria yakichemka, moshi mzuri aliouhangaikia Longino mwezi mzima ukipanda taratibu, na ndani, kitandani, marehemu chini ya shuka jeupe, peke yake.

* * *

Kwanza walicheka. Ndivyo watu wanavyofanya wanapoanguka mbele za wenzao, hucheka kabla hawajajua kilichovunjika.

"Mjumbe," Longino akasema, "futa hilo. Ilikuwa utani."

Kwa jina rasmi mashine ile ya darini iliitwa Mratibu, na kila karakana ilikuwa na wake. Wanafunzi walimwita Mjumbe kwa sababu, kama mjumbe wa nyumba kumi wa enzi za bibi zao, alijua nani kaingia, nani kalala wapi, na nani kapika nini.

"Neno la mwenye pete halifutwi, ndugu Longino. Linathibitishwa au linabatilishwa. Ndugu Vumilia, tafadhali vua fulana, utoke. Kazi zako zote zimerudishwa kwako. Hakuna atakayezitumia bila ridhaa yako. Pole pia kwa lugha uliyotolewa."

"Pole ya nini?" Vumilia akaliuliza dari.

"Umeitwa mtumwa."

"Naitwa mtumwa tangu mwaka wa kwanza. Na yeye namwita hivyohivyo."

"Hilo ninalo pia. Kwa kuwa hukuwa na pete, halikuwa na nguvu."

Vumilia akamtazama Longino. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu aliyebeba ndoo kutoka mbali, akafika mlangoni na mpini ukakatika. Akavua fulana, akaikunja vizuri kama nguo ya kanisani, akaiweka juu ya kuni, akatoka. Mlango ukajifunga, na taa yake ndogo ikageuka rangi. Hata angetaka kurudi, usingemfungukia.

Usimlaumu sana Mjumbe. Miaka ile saini zilikuwa zimekufa na kuzikwa. Mashine zilikuwa zimejifunza kuiga mwandiko wa kila mtu, sura ya kila mtu, hata sauti ya mama yako ikikuomba hela kwenye simu. Ndipo Sheria ya Neno ikapitishwa: kuanzia sasa kinachomfunga mtu ni neno alilolitamka kwa kinywa chake, ndani ya chumba, mbele ya Mratibu, pete ikisoma mapigo ya moyo. Mratibu alihakikisha mambo mawili tu: kwamba ni wewe kweli, na kwamba hukulazimishwa. Kama unamaanisha, hilo hakutumwa kuliuliza.

Watu walizoea. Wakaanza kuzungumza kama watembeao kwenye utelezi. Harusini wasemaji walisoma kwenye karatasi. Watani walikwenda kutaniana shambani, au bafuni bomba likiwa wazi.

Na hilo la kumfukuza mtu lilitoka wapi? Lilitoka kwenye kubebana. Kila aliyesoma chuo anaujua mchezo huu: kazi ya kikundi inafanywa na wawili, majina yanaandikwa sita, na mmojawapo wa hao sita hajui hata somo linafundishwa jengo gani. Chuo kilichoka kubebesha. Kikampa mwenye pete uwezo wa kumtoa mbebwa kwa neno moja, mradi ataje jina kamili, aseme mtu huyo hafanyi kazi, na aseme anamfukuza. Longino aliyataja yote matatu. Ungemwagiza asingeyapanga vizuri namna ile.

"Sasa tufanyeje?" Hilali akauliza. Alikuwa amekaa kitako, koti magotini.

"Njia ni mbili," Mjumbe akasema, kwa sauti ileile aliyotumia kutangaza chakula. "Neno likibaki, ndugu Vumilia anaondolewa mwaka huu kwa kosa la kubebwa. Timu inakuwa ya wawili, na mimi nitawajazia watu walipopungua. Mtawahi maonyesho. Neno likibatilishwa, ndugu Vumilia anarudi. Lakini mwenye neno batili hukosa kuaminika kwa yote aliyotamka akiwa na pete ile. Toleo la maonyesho liliidhinishwa kwa neno la ndugu Longino juzi. Idhini hiyo itaanguka, na timu nzima itasubiri muhula wa marudio. Ofisi ya Dokta Kyaruzi, anakobatilishiwa neno, inafungwa saa kumi. Baada ya hapo neno linakauka, halibatiliki tena."

"Na mimi?" Longino akauliza. "Mimi binafsi?"

"Utahitaji mdhamini wa neno. Daima."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kila mtaa ulikuwa na mtu wa namna hiyo. Akitaka kupanga chumba, lazima mdhamini wake aje asimame naye, arudie maneno yake. Akitaka kazi, hivyohivyo. Akitaka kuoa, padri anamwuliza yeye, kisha anamgeukia mdhamini: je, anasema kweli? Mtu mzima mwenye ndevu, anatembea na kinywa cha kuazima.

"Hebu tuwaone hao watu wako," Hilali akamwambia Mjumbe.

Ua ukajaa. Walikuwa watu wazuri, migongo imenyooka, hatua sawa. Bibi mmoja aliingia na kuni kichwani, na kuni zile hazikuwa na uzito. Walilia kwa zamu. Wakwe waliogombana walikaa pamoja wakaelewana. Longino alitafuta kwa macho yule mwanamke mtani wa gemu yao, aliyekuwa akiingia katikati ya kilio, akamnyang'anya mchimba kaburi jembe na kutangaza kwamba marehemu hazikwi mpaka alipe jogoo wa watu. Hakuwepo.

"Mtani yuko wapi?"

"Mhusika mwenye lugha ya kudhalilisha nimemwacha," Mjumbe akasema. "Mtiririko sasa ni mwepesi zaidi."

Hilali akalikunja koti lake magotini. Alipoongea hakumtazama mwenzake. "Si wabaya, Longi. Mgeni hatajua."

"Vumilia je?"

"Vumilia namwonea huruma. Lakini mimi sikumtukana mtu. Sikupanda kiti. Baba anauza ng'ombe kila muhula unapoanza, na ng'ombe hawazaliwi kila muhula. Mimi kosa langu nini?"

Longino akayainua macho darini.

"Mjumbe," akasema, "nisikilizishe nilivyosema."

Sauti yake ikatoka darini. Alitarajia kusikia kicheko ndani yake. Aliyemsikia alikuwa mtu aliyechoka. *Hana kazi yoyote anayoifanya.* Kulikuwa na kitu chini ya maneno yale, kama kijiwe ndani ya wali. Tangu asubuhi alikuwa anamngoja Vumilia amalize na bibi yake wa kuni. Tangu asubuhi alikuwa anajiambia moyoni kwamba huyu msichana anatuchelewesha. Utani wa aliyeshiba usingizi ni utani. Utani wa mtu aliyechoka hunuka kama kweli iliyovaa kofia ya kuchekesha.

* * *

Longino alimkuta Vumilia kwenye mabomba nyuma ya bweni la wasichana, anafua. Maji ya huko ni baridi hata mchana, na mikono yake ilikuwa imegeuka rangi ya zambarau. Mtu mwingine angelia au angefungasha mizigo. Vumilia alikuwa ameamua kufua mashuka.

"Kamwene," Longino akamsalimu kwa lugha ya kwao.

"Kamwene. Umekuja kunipeleka Kilolo mwenyewe, au umetuma jogoo?"

Longino akachuchumaa, akashika ncha ya pili ya shuka. Wakalikamua, kila mmoja akizungusha upande wake.

Mwaka wa kwanza, baba yake Longino alipofariki, walikuwa wamefahamiana kwa muhula mmoja tu. Vumilia alipanda basi mpaka Songea bila kuitwa. Aliingia uani wakati kilio kimepamba moto, akapita moja kwa moja kaburini, akamnyang'anya mjomba mmoja jembe. "Mzee huyu kafa makusudi!" akapaza sauti. "Ananikimbia na jogoo wangu! Ukoo mzima wa Kihwele unamdai! Hazikwi!" Watu wakashika vichwa. Kisha mama yake Longino, ambaye tangu jana yake hakuwa amesema neno wala kunywa maji, akacheka. Akacheka mpaka akaomba uji. Wazee wakampa mtani jogoo wake, na mtani akashuka kaburini akachimba, ingawa wanaume walimwambia inatosha. "Mtu wangu namchimbia mwenyewe," aliwajibu. Alirudi chuoni na malengelenge viganjani. Gemu yao ilianzia pale, kwenye malengelenge yale.

"Nimesikiliza nilivyosema," Longino akasema.

"Na?"

"Sikuyapenda."

"Ulimaanisha?"

Angeweza kusema hapana. Hapakuwa na Mjumbe kwenye mabomba, na neno lisingemfunga mtu.

"Nusu," akasema.

Vumilia akaacha kukamua. "Nusu ipi? Ya mtumwa?"

"Ya kazi. Nilichoka kumngoja bibi yako."

"Aa." Akalitundika shuka kambani, akalinyoosha polepole. "Afadhali umesema. Utumwa nimeuzoea. Lakini kuitwa mbebwa, Longi? Mimi? Jina langu litabandikwa pale ubaoni pamoja na wale wavivu wa mwaka wa pili. Mama ataulizwa na majirani: kumbe binti yako alikuwa anabebwa? Na mabega yangu haya yana alama za kuni za gemu yenu."

"Najua."

"Unajua kwa nini nilirudia? Bibi anayeleta kuni msibani haangalii mbele. Anaangalia mlango wa ile nyumba mara moja, kisha hautazami tena. Nilikuwa nautazama kupita kiasi, kama mnunuzi. Ndio basi. Jambo dogo. Ungeniuliza ningekuambia."

Longino akashika shuka jingine. "Nikibatilisha, Hilali anaanguka pamoja nasi. Hana kosa."

"Hana."

"Na mimi natembea na mdhamini mpaka naingia kaburini."

"Ndiyo."

"Unanishauri nini?"

"Mimi?" Vumilia akacheka, kicheko kifupi kisicho na nguvu. "Mtumwa hashauri. Kalete lile beseni."

* * *

Dokta Kyaruzi alikuwa mtu wa Bukoba aliyeipenda sheria kama wengine wanavyopenda chai: moto, bila sukari, mara nyingi kwa siku. Hakuwa mtu mbaya. Aliwahi kuibiwa sauti yake na mashine, ikatumika kuuza shamba la urithi, na tangu siku hiyo alimwona Mratibu kama mlinzi aliyechelewa kuajiriwa. Alimsikiliza Longino mpaka mwisho, mikono kaikunja juu ya meza. Hilali alisimama karibu na dirisha, anatazama ukungu.

"Kwa hiyo unasema neno lako lilikuwa uongo," Dokta akasema.

"Nasema lilikuwa utani, Dokta."

"Hapa pana neno la kweli na neno batili. Utani sina pa kuuweka."

"Basi liweke kwenye batili."

"Kijana, fikiri. Ndugu Hilali ameniambia hali yake. Mchezo wenu ni mzuri. Nimeuona na watu wa Mratibu na unapita. Ukinyamaza tu, dakika chache zijazo ofisi inafungwa, na wawili kati yenu mnakwenda kwenye maisha. Binti atarudia mwaka. Watu hurudia. Unataka watatu wazame ili mmoja asilowe?"

Longino alichoka. Si kuchoka kwa usingizi. Usingizi ungeweza kulalwa. Alichoka kuwa mtu anayechekesha na kisha anaulizwa kama anamaanisha. Alimtazama Hilali.

"Hilali. Sina cha kukulipa."

"Najua huna," Hilali akasema, bado anatazama nje. Kisha, kama mtu anayetema mfupa: "Na wale watu wa Mjumbe, kila mmoja analia kwa pumzi ileile. Nimewasikiliza. Vilio vyangu haviwakai. Sema unalotaka kusema, lakini usiniombe nikupende leo."

Longino akauinua mkono wenye pete.

"Mimi Longino Mapunda, neno nililolisema juu ya Vumilia Kihwele ni batili. Anafanya kazi. Anafanya kuliko mimi."

"Neno limebatilishwa," Mratibu wa ofisini akajibu. Shanga ikapoteza rangi kabisa, ikawa kama jicho la samaki aliyepikwa. Mahali fulani kwenye jengo la mbao, watu wa Vumilia walirudi uani mmoja mmoja, na gemu yao ikatoka kwenye orodha ya maonyesho.

Dokta Kyaruzi akashusha pumzi. "Mdhamini ni nani? Bila mdhamini siwezi hata kukusajili muhula wa marudio. Ndugu wa damu hawaruhusiwi."

Longino akamgeukia Hilali, akaona haya, akageuza macho. Hilali akatikisa kichwa. Hakutikisa kwa ubaya. Mtu aliyefungiwa mlango wake leo hawezi kudaiwa kumshikia mwenzake mlango.

"Mimi hapa."

Vumilia alikuwa mlangoni, mikono ya gauni imekunjwa, povu la sabuni limekaukia viwikoni. Inaelekea alisimama pale muda. Akaingia bila kukaribishwa, kama ukungu wa huko.

"Shikamoo, Dokta."

"Marahaba. Mdhamini nani, wewe?"

"Mimi. Akisema jambo mbele za watu, nitasema kama ni kweli au anajitutumua. Kazi hiyo naifanya bure toka mwaka wa kwanza, sasa nataka ijulikane."

"Haiwezekani," Dokta akasema. "Kanuni inakataza mdhamini aliyetukanwa na anayedhaminiwa. Tusi lipo, Mratibu amelipokea. Neno la kukufukuza limebatilika, lakini tusi halibatiliki."

"Hakunitukana."

"Alikuita mtumwa, binti."

"Ni mtani wangu."

"Nimekwisha sema, hilo sina pa kuliweka. Sikiliza, wewe ni msichana mwenye akili." Dokta aliinama mbele, na sauti yake ikawa ya mzazi. "Kijana huyu amekudhalilisha mbele ya wenzako, amekufukuza, amekugharimu maonyesho. Chumba kizima kilicheka. Aliyesimama upande wako alikuwa mmoja tu, Mratibu. Alikuambia pole, akakulindia kazi zako zisiibwe. Leo unamwacha aliyekutetea, unakwenda kufunga maisha yako na kinywa kinachokutukana. Nieleze, nipate kuelewa: kwa sababu gani?"

Vumilia aliipangusa mikono kwenye gauni, kiganja kimoja, kisha cha pili.

"Nikifa, Dokta, huyu anayenitukana ndiye atakayeshika jembe. Huyo wenu anayenitetea ana mikono?"